Imeili ya "benki" iliyomlia dada yangu hela, na jinsi ya kuisoma kabla hujabonyeza

Hii habari nimekaa nayo muda, nilikuwa namsubiri dada akubali niiandike. Sasa kakubali kwa masharti, jina lake nisilitaje na duka nisilitaje. Benki nayo naiacha bila jina, kwanza sitaki kesi, pili ninachotaka kusema kinamhusu mteja wa benki yoyote.

Dada anauza vyombo vya ndani Kariakoo, masufuria, chupa za chai, seti za vikombe, mzigo wanachangia kontena na wenzake kutoka China. Natangulia kusema hivi kwa sababu mtu akisikia fulani kaibiwa kwa imeili anawaza mtu asiyejua hata kuwasha data. Huyu usiku anabishana bei na Wachina kwa WeChat, bei ya dola anaijua kabla hajatoka kitandani, na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" huwa anawajibu matusi huku anacheka. Kwenye ukoo mimi ndio naitwa mtu wa kompyuta, lakini kwa mambo ya hela dada ni mjanja kuliko mimi mara nyingi tu. Na alipigwa.

Ilikuwa Ijumaa jioni mwisho wa mwezi, anafunga duka, vijana wanaingiza mzigo ndani, imeili ikaingia kutoka "benki yake". Kichwa kinasema akaunti yako itasitishwa ndani ya saa 24. Ndani Kiswahili kimenyooka kabisa, mpendwa mteja, kufuatia maboresho ya mfumo unatakiwa kuhakiki taarifa zako pamoja na namba ya NIDA, usipofanya hivyo huduma zako zitasimamishwa, halafu chini maneno yaleyale kwa Kiingereza kama benki zetu zinavyopenda kufanya. Nembo ipo, rangi ndio zenyewe, na kitufe kikubwa kimeandikwa HAKIKI SASA. Na chini kabisa, hii ndio iliniuma nilipokuja kuisoma, kulikuwa na lile onyo la kila siku kwamba benki haitakuomba namba yako ya siri kwa simu wala barua pepe. Wezi walikopi imeili ya kweli ya benki wakaibeba mpaka na onyo lake!

Jumatatu yake alitakiwa kulipia sehemu yake ya kontena. Akili ikaenda hapohapo, akaunti ikifungwa wikendi hii nimekwisha. Akabonyeza.

Ukurasa ukafunguka ukamwomba jina la kuingilia na paswedi, akaweka. Ukaomba namba ya NIDA na ya simu. Ukaomba namba za kadi, tarehe ya kuisha na zile namba tatu za nyuma, hapo anasema moyo ulisita kidogo ila kuna kijana alikuwa anamuuliza funguo za stoo ziko wapi, akaendelea. Kikaja kiduara kinazunguka, "tafadhali subiri tunahakiki". Halafu ukaomba OTP, ile namba ya siri ya kutumika mara moja, na kweli meseji ikaingia kwenye simu, tena kwa jina lilelile la benki ambalo humtumia meseji siku zote. Akaandika. Ukurasa ukasema namba imekwisha muda, weka mpya. Ikaingia nyingine, akaandika. Ukamshukuru kwa ushirikiano, ukampeleka kwenye tovuti ya kweli ya benki, akafunga duka akaenda kupanda gari la Mbagala.

Ngoja nieleze kilichotokea hapo maana hata mimi ilinichukua muda kukielewa. Unapojaza ule ukurasa, upande wa pili kuna mtu au programu inapokea kila unachoandika na sekunde hiyohiyo inakiingiza kwenye duka la mtandaoni huko nje ya nchi, inanunua vitu kwa kadi yako. Benki inaona kuna malipo, inamtumia mwenye kadi OTP kama kawaida yake. Kwa hiyo ile meseji ilikuwa ya benki kweli, haikuwa feki hata kidogo. Na ilisema kila kitu! Niliisoma baadaye kwenye simu yake, imeandika kabisa namba hii ni ya kuthibitisha malipo ya dola 410 kwa muuzaji fulani, usimpe mtu yeyote. Ile ya pili dola 640. Lile la "namba imekwisha muda" lilikuwa uongo wa kumfanya atoe ya pili. Dada yeye aliangalia tarakimu tu, na wengi wetu ndivyo tunavyofanya, meseji ikitokea juu ya skrini unakamata zile namba sita unazikimbiza kabla hazijapotea, na simu nyingine zinakusaidia hata kuzijaza zenyewe.

Kwa hiyo nikikutana na mtu siku hizi nikipewa nafasi ya kusema neno moja kuhusu haya mambo sisemi habari za nembo wala nini, nasema meseji ya OTP isome yote mpaka mwisho. Inakuambia ni malipo, ni kuingia kwenye akaunti, au ni kubadilisha paswedi. Kama wewe hujanunua kitu na meseji inataja dola, hakuna uhakiki wowote hapo, unalipa.

Meseji za makato ziliingia akiwa kwenye foleni ya magari. Anasema alielewa palepale, mwili ukaisha nguvu, na akanyamaza. Alifika nyumbani akapika, akala na shemeji, akalaza mtoto, akanipigia saa nne usiku akiwa bafuni kafungulia bomba ili asisikike. "Mdogo wangu, nimefanya ujinga." Mimi nikaanza kumfokea kwanini hakunipigia saa ileile, jambo ambalo halikusaidia chochote, akaanza kulia, ikabidi nitulie.

Lakini yale masaa yalikuwa na thamani. Kwenye kadi hela haiondoki moja kwa moja, kwanza inashikiliwa, halafu yule muuzaji ndio anaidai rasmi baadaye, na katikati hapo kuna upenyo wa kuzuia. Aibu ndio iliziba ule upenyo. Anasema alikuwa anamuwaza shemeji atasemaje, wenzake wa kontena watasemaje, yaani mtu mjanja wa Kariakoo kapigwa na imeili. Matapeli wanaijua sana hii aibu, sidhani kama Ijumaa jioni waliichagua kwa bahati mbaya, benki imeshafunga na mwenye akaunti anajua mpaka kesho hakuna wa kumkabili.

Usiku ule tulifanya hivi. Kadi tuliifunga kupitia apu ya benki, kuna sehemu ya kadi humo ndani, unaisimamisha mwenyewe bila kusubiri mtu, kama hujawahi kuitafuta kwenye apu yako itafute leo ukiwa na akili timamu maana usiku wa tukio vidole vinatetemeka. Benki nyingine wana njia hiyo kwenye menyu ya nyota. Kisha tukapiga kastoma kea kwa namba iliyoko nyuma ya kadi. Nasisitiza nyuma ya kadi, kwa sababu ile imeili nayo ilikuwa na namba ya "msaada kwa wateja" na dada alishaanza kuipiga hiyo nikamzuia, ilikuwa namba ya simu ya mkononi ya kawaida tu. Kastoma kea walituwekea muziki mpaka vocha ikaisha, nikamrushia nyingine, tukapiga tena, akapokea kijana mstaarabu akaandika taarifa akatupa namba ya kumbukumbu. Iandike hiyo namba na saa uliyopiga, baadaye benki watauliza ulitoa taarifa saa ngapi na wewe utakuwa umeshasahau.

Halafu paswedi. Ya benki tukabadilisha kupitia apu. Nikamuuliza, na ya imeili? Akanyamaza. Ilikuwa ileile. Basi tukaingia na huko, tukabadilisha, tukatoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, na nikamwambia afungue mipangilio aangalie kama kuna mtu kaweka amri ya kuhamishia imeili zake kwingine, maana mwizi akikaa ndani ya imeili yako anaweza kuomba paswedi mpya za kila kitu na wewe huoni hata arifa. Hakukuwa na kitu, tukashukuru. Na kwa vile alishawapa namba ya NIDA nikamwambia apige nyota 106 reli aangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, zilikuwa zake tu, lakini tulikubaliana awe anaiangalia mara kwa mara. Paswedi unabadilisha, kadi unapewa mpya, namba ya NIDA huibadilishi, mwizi akiwa nayo anayo.

Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda benki nikakaa naye tukaifungua ile imeili kwenye laptopu. Hapa ndio nilijifunza zaidi ya nilivyotegemea, nikiri nilienda na mbwembwe za mtu wa kompyuta.

Kwenye simu Gmail inaonyesha jina la mtumaji tu, na jina mtu anaandika lolote, hata mimi naweza kujiita Benki Kuu. Ukigusa lile jina au kile kimshale pembeni ndio inatokea anwani yenyewe. Ya kwetu ilikuwa na jina la benki, kistari, neno jingine, halafu .com, wakati benki yenyewe imeili zake zote zinaishia na .co.tz. Dada akasema mbona jina la benki limo? Limo kweli, lakini mtu yeyote mwenye hela ya kununua domeni, yaani jina la anwani ya mtandaoni, anaweza kuliweka jina la benki katikati ya maneno mengine.

Nikamwambia sasa nakuonyesha ushahidi. Ukienda kwenye zile nukta tatu kuna mahali pa kuona ujumbe jinsi ulivyokuja, mwandiko mwingi wa ajabuajabu, ila juu kuna SPF, DKIM na DMARC na mbele yake PASS au FAIL. Hivi ni vipimo vya kuangalia kama imeili imetoka kweli kwenye domeni inayosema imetoka. Nilikuwa na uhakika nitakuta FAIL nyekundu nimwonyeshe. Zote tatu PASS! Dada akaniangalia. Ikabidi nitulie nifikirie ndio nikaelewa, wezi hawakughushi domeni ya benki, walisajili ya kwao inayofanana na wakaipanga vizuri kabisa, kwa hiyo imeili ilitoka kweli kwenye domeni yao, na kipimo kinasema ukweli huo tu. Ukiona FAIL kimbia, ukiona PASS bado hujajua kitu, rudi usome ile domeni herufi kwa herufi, maana kuna wanaoweka r na n zikikaa pamoja zinaonekana kama m, na kuna wanaotumia herufi za Kirusi zinazofanana na a yetu.

Linki sasa. Kwenye kompyuta unaweka mshale juu ya kitufe bila kubonyeza, chini pembeni inatokea anwani kinakokwenda. Kwenye simu unakibonyeza ukikishikilia mpaka kitokee kidirisha. Ya kwetu ilikuwa ya mtindo huu, jina nimelibadilisha: benkiyako.co.tz.uhakiki-mteja.com/ingia. Ukisoma kwa haraka jicho linakutana na benkiyako.co.tz mwanzoni linaridhika. Kumbe inasomwa kuanzia mwisho, tafuta ule mkwaju mmoja wa kwanza baada ya domeni, rudi nyuma kushoto, kinachokaa mwisho kabla ya mkwaju ndio mwenye tovuti. Hapo mwenyewe ni uhakiki-mteja.com, yale ya mbele yote ni mapambo anayoweza kuandika atakavyo. Ni daladala limebandikwa kibao cha Posta linaishia Buguruni.

"Lakini kulikuwa na kufuli," dada akasema. Na kweli ilikuwepo alama ya usalama juu ya ukurasa. Hii imani ya kufuli imewaponza wengi sana, na tulifundishwa wenyewe, miaka ya nyuma ndio ilikuwa ushauri wa kila mtu, angalia kufuli. Ile alama inamaanisha kwamba unachoandika hakisomwi njiani kati ya simu yako na tovuti, haisemi kwamba tovuti ni ya mtu mwaminifu, na cheti chenyewe kinapatikana bure kwa yeyote. Mwaka 2023 Google waliiondoa kufuli kwenye Chrome wakaweka alama nyingine, na walisema wazi kwamba watu walikuwa wanaielewa vibaya.

Kuna kitu kimoja ambacho yeye mwenyewe alikikumbuka, na mimi nisingekijua. Simu yake imehifadhi paswedi ya benki, akifungua tovuti ya benki huwa inajijaza. Ile Ijumaa haikujijaza, akaona labda mtandao, akaandika kwa mkono. Simu ilikuwa inajua! Ile sehemu ya kuhifadhi paswedi haiangalii nembo wala rangi, inaangalia domeni tu, na domeni haikuwa yenyewe. Tangu siku hiyo nawaambia watu kama paswedi yako huwa inajijaza na leo imegoma, usiwe mkarimu ukaiandika.

Mambo mengine watu wanayotaja sana mimi sasa nayapa uzito mdogo. Makosa ya lugha kwa mfano. Zamani imeili za kitapeli zilikuwa na Kiswahili cha kuvunjika ukaweza kucheka, siku hizi mtu anaiambia programu imuandikie na inatoka safi kuliko tangazo la benki lenyewe. "Mpendwa mteja" bila jina lako nayo ni dalili lakini wengine wanakuja na jina lako kamili, imeili na jina la dada viko kwenye kadi yake ya biashara, kila mtu anayo. Na usiseme ingekuwa ya kitapeli Gmail ingeikamata. Nilipofungua folda langu la taka niliikuta imeili ileile neno kwa neno, imetumwa kwangu, na mimi sina akaunti kwenye benki hiyo. Kwangu iliingia takani, kwa dada ikaingia mbele. Ikanipa na picha kwamba hawakuwa wanamjua dada wala kontena lake, wanamwaga kwa maelfu, mmoja anakuwa na malipo ya Jumatatu anaingia.

Benki tulifika kabla hawajafunga, Jumamosi wanafanya nusu siku. Dada wa dawati alikuwa mpole, akatoa fomu ya kupinga malipo, akasema tulete na RB ya polisi, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Kituoni afande alituuliza mwizi ni nani, tukasema hatumjui, akauliza yuko wapi, tukasema mtandaoni, akashusha kalamu akatuangalia. Hakukuwa na ubaya, alituandikia, na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayotaja mambo haya kabisa, lakini usiende ukitegemea gari litatoka na king'ora. RB unaichukua kwa ajili ya benki na kwa kumbukumbu yako. Afande alitaka imeili iliyochapishwa, tukampa, na hapa ushauri, ile imeili usiifute kwa hasira. Ukiifowadi kawaida yale maandishi ya ndani yanayoonyesha imepita wapi yanapotea, pakua ujumbe wenyewe kama faili uhifadhi, na piga skrinshoti za meseji za OTP na za makato.

Zile dola 640 zilirudi, muuzaji wa huko nje alikuwa hajazidai na benki ikawahi. Zile 410 hazikurudi. Tulizungushwa sana, njoo wiki ijayo, mhusika yuko likizo, mara fomu haijasainiwa ukurasa wa pili, kila safari duka analiacha kwa vijana na siku moja wakauza seti ya vikombe kwa bei ya hasara, hiyo nayo ihesabu. Mwisho ikaja barua kwamba malipo yalithibitishwa kwa OTP iliyotumwa kwenye namba ya mteja, kwa hiyo benki haiwajibiki. Hapo mimi na dada tulitofautiana. Mimi nilitaka twende mbele, kuna kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, ukishalalamika benki usiporidhika unaruhusiwa kupeleka malalamiko Benki Kuu, na nilikuwa na hoja, mteja ambaye hajawahi kununua kitu kwa dola mtandaoni ananunua mara mbili ndani ya dakika chache Ijumaa jioni na mfumo haushtuki? Dada akasema hela ya kusafiria na muda wa kugombana naweka kwenye mzigo. Hela ni yake, nikanyamaza. Ila wewe ukiwa na kiasi kikubwa usiishie kwenye barua ya kwanza.

Dada alimwambia shemeji katikati ya hayo, baada ya RB. Shemeji alikasirika siku moja, tena kwa kufichwa kuliko kwa hela. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kumtuliza dada ajione si mjinga peke yake, nikamsimulia ya Bangladesh. Mwaka 2016 Benki Kuu ya Bangladesh iliibiwa dola milioni 81, na Wamarekani walipochunguza walieleza kwamba wezi walianza na imeili kwa wafanyakazi wa benki, zikijifanya za mtu anaomba kazi na CV yake iko kwenye linki. Benki kuu nzima, wenye mafunzo na walinzi! Akasema, "Wao hawakuwa wanafunga duka." Akacheka kidogo, ndio ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

Kuna jambo halisemwi vya kutosha, kwamba ukishapigwa mara moja wanarudi. Wiki kadhaa baadaye alipigiwa simu na mwanaume mwenye sauti ya ofisini, habari za mchana mama, naitwa fulani kutoka kitengo cha udanganyifu cha benki, tumeona tukio lako, tunakurudishia fedha zako. Akamtajia jina lake kamili, namba nne za mwisho za kadi ya zamani, mpaka kiasi kilichoibiwa. Nani mwingine angejua kiasi? Dada anasema alikuwa karibu kuamini, hela ile aliihitaji. Kisha yule bwana akasema nakutumia namba sasa hivi unisomee ili tukamilishe marejesho. Meseji ikaingia, na safari hii akaisoma yote, inasema ni ya kubadilisha paswedi. Akamwambia "nisubiri baba nitafute miwani", akakata, akapiga namba ya nyuma ya kadi, benki hawana habari. Vyote alivyotajiwa aliwapa mwenyewe kwenye ule ukurasa au waliiba wao, ndio maana wanavijua. Anayekupigia akijua siri zako usichukulie kama uthibitisho. Namba yake tuliiripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, ukipata meseji au namba ya kitapeli unaipeleka huko.

Kwa wafanyabiashara niongeze kidogo, kuna ndugu wa hizi imeili ambayo haijifanyi benki moja kwa moja, inakuja kama risiti ya malipo ya benki, eti mteja kakulipa fungua kiambatisho uone. Kiambatisho kikiisha na .html au kikiwa zipu usikifungue, ile .html ni ukurasa wa kuiba paswedi uliowekwa ndani ya imeili badala ya kwenye linki. Na akija "msambazaji" wako wa China kwa imeili kusema akaunti yetu ya benki imebadilika lipia hii mpya, mpigie video umwone uso. Siku hizi wanaweka pia picha ya QR badala ya kitufe, unaskani kwa simu na huoni anwani mpaka umeshafika.

Sasa dada kawa mkali kupita kiasi na nadhani ni afadhali. Imeili yoyote ya benki haigusi, anafungua apu mwenyewe, kama kuna jambo la kweli ataliona mle ndani au atapiga. Kadi ya kununulia mtandaoni katenganisha, ina akaunti yake ndogo anaiwekea hela siku ya kununua tu, ile kubwa ya mzigo haina kadi kabisa.

Mwezi uliopita kanitumia skrinshoti, imeili ya benki inamtaka ahuishe taarifa zake, mpendwa mteja, kitufe kikubwa, linki imefupishwa haionyeshi inakwenda wapi, na domeni ya mtumaji si ya benki, ni ya kampuni fulani ya kutuma matangazo. Nikamjibu bila kufikiria, wezi hao futa. Yeye hakufuta, akaenda nayo tawini siku alipopeleka mauzo. Yule dada wa dawati akaiangalia akasema hii ni yetu, makao makuu ndio wameituma kwa wateja wote. Dada akamuuliza sasa mimi nitofautishe vipi hii na ile? Akakosa jibu, akasema atafikisha maoni. Dada akaomba fomu ya karatasi akajaza palepale kaunta, na foleni nyuma yake inalalamika.